Msasa Laini

Glavu zilikuwa za njano, zile za mpira za kuoshea vyombo, bado ziko ndani ya mfuko wake wa dukani. Mkwe aliuchana mfuko kwa meno, akazinyoosha glavu juu ya goti lake, kisha akampa mama mkwe huku akitazama ukutani.

"Mama, usinielewe vibaya. Ni kwa ajili ya mtoto tu. Ngozi yake bado changa."

"Nakuelewa, mwanangu."

"Hata kule hotelini kwetu, wanaoshika chakula wanavaa."

"Si nimesema nakuelewa? Lete."

Bibi akazivaa. Vidole vya glavu vilikuwa virefu kuliko vyake, ncha zikabaki zimelegea kama nyanya zilizonyauka. Mtoto akawekwa mikononi mwake. Kila alipomsogeza, mpira ulilia kwenye shingo ya mtoto na vinywele vyake vikanata. Mtoto akakunja uso. Bibi akamrudisha kwa mama yake kabla hajaombwa.

"Ana usingizi," alisema, ingawa mtoto alikuwa macho kabisa.

Uani, mume wa Bibi alikuwa anachomelea geti. Kila mtu alimwita Fundi, hata mke wake, hata mtoto wao wa kiume alipokuwa mdogo. Alikuwa amenyanyua kinyago chake ili apanguse jasho, na kupitia dirishani akaona yote: glavu, mtoto, mkewe anavyovuta zile glavu kidole kimoja kimoja. Angeweza kuingia ndani akasema neno. Badala yake alishusha kinyago, akachomelea mahali ambapo palikwisha kuchomelewa, halafu akazima mashine na kuwasha sigara.

Ugonjwa wa Bibi haukuwa mgeni katika nyumba ile. Ulianza miaka mingi nyuma kwenye viwiko, mabaka mekundu yenye magamba meupe juu yake, ukaja na kuondoka kama ndugu asiyependwa. Watu wa nyumbani walikuwa wameuzoea kiasi cha kutouona. Lakini tangu mkwe apate mimba yenye matatizo, na Bibi akawa halali kwa hofu, mabaka yalishuka hadi migongoni mwa mikono na kwenye miundi. Asubuhi alikuwa wa kwanza kuamka ili akung'ute shuka upande wake. Akinyanyuka kwenye kiti, aliupitisha mkono nyuma yake haraka, kama mtu anayeweka nguo sawa, kumbe anafagia. Kikombe chake kilikuwa na mfuniko wa kijani. Hakuna aliyemwambia awe na kikombe chake. Alikichagua mwenyewe ili asije akaambiwa.

Kitu kimoja tu alikuwa anakidai moyoni. Wakati mkwe amelazwa na madaktari wanatikisa vichwa, Bibi alikuwa anapiga magoti kwenye sakafu ya wodi, pembeni ya kitanda, bila kujali nani anapita. Siku moja mkwe alimshika bega akamwambia, "Mama, mtoto huyu akizaliwa salama, wewe ndiye utakayempeleka madhabahuni aombewe. Si mwingine." Bibi hakuwahi kumkumbusha. Maneno ya namna ile huwezi kumkumbusha mtu, unangoja tu.

Sasa kanisa lilikuwa limetangaza kwamba watoto wachanga wataombewa mwisho wa mwezi unaofuata.

"Nimefikiria siku ile," mkwe alisema akimbembeleza mtoto begani, "mdogo wangu ndiye ambebe. Wewe, Mama, utakaa mbele kabisa. Utaona vizuri."

"Ni sawa," Bibi akasema. "Mbele panatosha."

Mtoto wa kiume wa Bibi, mume wa mkwe, alikuwa hapo hapo mlangoni, anafunga kamba za viatu. Aliuza simu mjini na alijua kuongea na kila aina ya mteja. Siku hiyo kamba zilimchukua muda mrefu sana.

*

"Kesho twende hospitali," Fundi alimwambia mkewe.

"Nimeshaenda mara ngapi?"

"Mimi sijaenda na wewe."

Ilikuwa kweli. Bibi akamtazama kidogo, akaenda kupiga pasi gauni lenye mikono mirefu.

Daktari wa ngozi alikuwa kijana mwenye macho ya uchovu na sauti ya upole. Aliishika mikono ya Bibi kwa vidole vyake vitupu, akaigeuza huku na huku, na Bibi akajikuta machozi yanamlenga kwa sababu hiyo tu.

"Hii ni soriasisi, mama. Haiambukizi. Si kwa kushikana, si kwa kikombe, si kwa taulo. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Kinga ya mwili wako ndiyo imechanganyikiwa, inaharakisha ngozi kukua kabla ya wakati wake." Akamgeukia Fundi. "Mzee unafanya kazi gani?"

"Mageti. Madirisha ya vyuma."

Uso wa daktari ukachangamka, kama mwalimu aliyepata chaki. "Basi wewe utanielewa kuliko wote niliowaona leo. Mwili ukifanya kazi unatoa cheche, kama zako. Chembe ndogo kali zinazochoma kila zinachokigusa. Mwili wenye afya una walinzi wa kuzizima hizo cheche, na wengi tunawapata kwenye matunda na mboga za majani. Kwa mtu mwenye soriasisi mizani imeinama: cheche ni nyingi, walinzi ni wachache. Zinakula ngozi, zinakula hata mishipa. Ni kama chuma kinavyoshika kutu."

"Kutu," Fundi akarudia.

"Kama kutu. Kwa hiyo tunapunguza cheche na tunaongeza walinzi. Ale vizuri, apumzike, asiwe na wasiwasi. Apake dawa hii na mafuta, asijikune. Vidonge na unga wa barabarani wanaosema unasafisha damu, msinunue. Na moshi wa sigara ni adui mkubwa, unamwaga cheche mwilini, hata kwa asiyevuta akiwa karibu. Kuna mtu anavuta nyumbani?"

Fundi akainamia kofia yake.

"Hakuna," Bibi alisema.

Daktari alimtazama Fundi, akatazama vidole vyake vyenye rangi ya kahawa, halafu akatazama foleni iliyokuwa imejaa mlangoni. Akaandika dawa.

Njiani kurudi hawakuongea kuhusu sigara. Fundi alikuwa amebeba neno moja tu kutoka chumba kile, na alilibeba kwa furaha, kwa sababu katika maneno yote aliyoyasema daktari ndilo pekee aliloliweza. Sigara hakuiweza. Alijaribu mara kadhaa na mkewe alikuwa shahidi. Wasiwasi wa mkewe hakujua aanze kuutoa wapi. Lakini kutu? Kutu alikuwa anaitoa kila siku ya kazi tangu ujana wake.

*

Walichagua alasiri ambayo mkwe alikuwa amempeleka mtoto kliniki kupimwa uzito. Fundi alifuta kiti kwa tambara, akakiweka chini ya bati la karakana, akamwambia mkewe akae.

"Hii nini?"

"Msasa. Laini kabisa, wa kumalizia."

"Wewe baba, mimi ni geti?"

"Sikia. Ukipaka rangi juu ya kutu, umepoteza rangi. Itabanduka yote. Lazima kutu itoke kwanza, uso wa chuma ubaki safi, ndipo rangi ishike. Wewe miaka yote unapaka dawa juu ya magamba. Itashikaje?"

"Daktari kasema nisijikune."

"Kukuna ni kwa kucha. Huku si kukuna."

Bibi alicheka. Alijua kwamba si kweli, au angalau alijua kwamba hajui. Lakini Fundi alikuwa amemshika mkono. Alikuwa ameuweka juu ya goti lake, kiganja kikiangalia chini, kama anavyoweka bawaba anayotaka kuipima. Kwa muda mrefu, hakukumbuka tangu lini, mume wake hakuwa amemgusa mahali hapo. Hakumlaumu. Alikuwa amejifunza kulala ukingoni ili magamba yasimfikie, na yeye Fundi alikuwa amejifunza kutouliza. Sasa alikuwa amemwinamia, miwani imeshuka puani, anapumua polepole kama apumuavyo akiwa kwenye kazi ya mtu anayemheshimu.

Kwa hiyo aliuacha mkono pale pale.

Msasa ulipita. Magamba yakatoka kama unga, yakaanguka juu ya suruali ya kazi ya Fundi, na hakuyakung'uta. Alimaliza kiwiko, akashuka mkono mzima. Fundi mzuri haishii ukingoni mwa kutu, hupitisha msasa nje kidogo, kwenye chuma kizima, ili rangi ipate pa kushika. Alifanya hivyo hivyo. Alipitisha kwenye ngozi ya mkono isiyo na mabaka, mistari mirefu iliyonyooka, akapuliza vumbi, akapitisha tena.

"Inauma?"

"Kidogo."

Vitone vya damu vilijitokeza, vidogo kama vichwa vya sindano. Fundi akavifuta kwa kitambaa safi alichokuwa ametayarisha, akapaka dawa ya daktari, akarudi nyuma hatua moja, kichwa upande, akaitazama kazi yake.

"Haya, angalia mwenyewe."

Mikono ilikuwa ya pinki na iliyolainika. Haikuwa na gamba hata moja. Bibi aliinyoosha mbele yake akaigeuza juani.

"Fundi wewe," alisema, na sauti yake ikawa ya msichana.

Mkwe aliporudi aliona. Hakuuliza imekuwaje. Aliuliza tu, "Dawa mpya?" na Bibi akasema ndiyo. Jioni, mkwe alipotaka kuoga, alimweka mtoto mapajani mwa Bibi na kwenda zake, glavu zikabaki juu ya kabati. Bibi alikaa bila kusogea. Alinusa kichwa cha mtoto. Alimwimbia wimbo mmoja wa kanisani mwanzo hadi mwisho, na alipoumaliza akauanza tena, akiogopa kwamba kunyamaza kutamfanya mtu akumbuke.

Siku chache baadaye mkwe alisema kwa sauti ya kupita, akikunja nepi, "Mdogo wangu amepata dharura kazini. Sijui mwisho wa mwezi nani atambeba mtoto." Bibi akasema Mungu atatoa njia. Wote wawili walijua njia iko wapi.

*

Mabaka yalirudi kabla wiki ya pili haijaisha, na hayakurudi mahali pake tu. Yalikuja kwenye ile ngozi iliyokuwa nzima, pale pale msasa ulipopita, mistari mirefu iliyonyooka kutoka kiwiko hadi kwenye kifundo, kama mtu aliyechorwa kwa rula. Bibi alivaa mikono mirefu kwenye joto. Jikoni alisema ana baridi. Fundi alimwona akila na mkono wa gauni umechovya kwenye mchuzi, na hakuthubutu kumwambia aukunje.

"Tupitishe tena?" alimuuliza uani kwa sauti ya chini.

Bibi akavuta mkono wa gauni hadi kwenye vidole. Alimtazama tu, na Fundi akaurudisha msasa mfukoni.

Siku mambo yalipolipuka ilianza na kelele za mkwe kutoka chumbani.

"Njoo uone! Njoo uone kichwa cha mtoto!"

Mume wake akakimbia, Fundi akafuata, Bibi akasimama mlangoni. Utosini mwa mtoto kulikuwa na ukoko, magamba ya manjano yenye mafuta, yameshikana na nywele.

"Nilisema!" Mkwe alimkumbatia mtoto kifuani. "Nilisema toka mwanzo, nikaonekana mbaya. Mama, lete mikono yako."

"Mwanangu..."

"Kunja mikono ya gauni nione!"

Bibi alikunja. Mistari ikaonekana yote. Mtoto wake wa kiume akageukia dirishani.

"Na ukamshika," mkwe akasema polepole. "Ukijua iko hivi, ukamshika mwanangu."

"Nilimshika ikiwa safi."

"Safi!"

"Dada, punguza sauti," mume wake akasema, kwa lile jina la adabu alilozoea kuwaitia wateja wa dukani, na hapo ndipo alipoharibu kabisa.

"Mimi si mteja wako! Mwambie mama yako! Mwambie wewe, maana mimi kila nikisema naonekana sina adabu!"

Kijana alimgeukia mama yake. Bibi akamngoja. Alikuwa amemlea, alijua jinsi anavyomeza mate kabla ya kusema jambo asilolitaka.

"Mama," akasema, "labda kwa sasa ungekaa kule mbele, sebuleni. Mpaka tujue."

Bibi akaenda kukaa kule mbele. Alipofika kwenye kiti alisimama, akatafuta gazeti, akalitandika, ndipo akaketi.

*

Kwenye chumba cha daktari waliingia wote. Daktari alimtazama mtoto kwanza, akakwangua ukoko kidogo kwa ncha ya kidole, akatabasamu.

"Huyu hana kitu. Watoto wengi wachanga wanapata ukoko huu, unatokana na mafuta ya ngozi yao wenyewe. Paka mafuta, ulainike, uchane taratibu kwa kitana laini. Utaisha."

"Si ule wa bibi yake?" mkwe akauliza.

"Ule hauambukizi. Nilishamwambia mama." Akamtazama Bibi aliyekuwa amekaa karibu na mlango. "Hukuwaambia nyumbani?"

"Nilidhani wangesema najitetea," Bibi akajibu.

Mkwe akaanza kumfunga mtoto shali ambalo tayari lilikuwa limefungwa.

"Haya, mama, tuone mikono." Daktari akakunja mikono ya gauni, na mkono wake mwenyewe ukasimama hewani. "Hii mistari... Nani kafanya hivi?"

"Nilijikuna," Bibi akasema.

"Hakuna mtu anayejikuna kwa mstari ulionyooka hivi. Mwenye soriasisi akijeruhiwa ngozi isiyo na baka, ugonjwa unahamia kwenye jeraha. Mtu amekusugua kwa kitu."

"Nilijikuna usingizini, daktari."

Fundi alisikia uongo huo wa pili. Ule wa kwanza, wa sigara, aliuficha chini ya kofia. Alitazama sakafu, akatazama viatu vya mwanawe vilivyong'aa, na ikamjia wazi kwamba mkewe angeweza kukaa pale mlangoni maisha yake yote akimfunika, kama alivyofunika kiti kwa gazeti.

"Ni mimi," alisema. "Kwa msasa."

"Kwa msasa?"

"Msasa. Wa vyuma. Ulisema ni kutu."

Daktari akakaa. Akavua miwani, akaifuta, na masikio yake yakawa mekundu.

"Mfano ulikuwa wangu," akasema hatimaye. "Niliupenda mwenyewe kwa jinsi ulivyokaa. Ningekwambia kwamba kutu hii iko ndani, haifikiwi kwa mkono. Nisamehe, mama."

"Na sigara," Fundi akaendelea, kwa sababu alijua akinyamaza sasa hatarudia tena. "Ulipouliza nani anavuta. Ni mimi. Navuta chumbani. Nilichukua ile kutu kwa sababu hainigharimu kitu."

Mwanawe alimtazama kama mtu aliyemfungulia baba yake mlango kwa makosa akiwa hana nguo. Mkwe alifumba macho. Bibi peke yake ndiye aliyekasirika.

"Nani kakutuma useme yote hayo mbele za watu?" alinong'ona. "Huoni aibu?"

"Naona," Fundi akasema.

*

Siku ya maombi ilipofika, mikono ya Bibi ilikuwa bado na mistari. Dawa mpya ilikuwa imeanza tu na daktari alikuwa amewaambia wasitarajie miujiza ya haraka. Siku mbili kabla, mkwe alikuwa amekuja jikoni, akasimama karibu na sinki.

"Mama, nilikuahidi kitu hospitalini."

"Ulikuwa mgonjwa. Mgonjwa hashikwi kwa maneno yake."

"Nilikuwa mzima wa akili. Naomba umbebe."

Bibi alisema atambeba. Kwa hiyo pale nje ya kanisa, watu wakipanga mstari na watoto wao, mkwe alimgeukia ili ampe mtoto, akasita. Bibi alikuwa amevaa gauni lake jeusi zuri, na mikononi mwake glavu za njano.

"Mama, hizo za nini?"

"Acha tu. Ni vizuri hivi."

"Daktari amesema..."

"Daktari amesema na mimi nimesikia. Lakini watu hawa hawakuwepo." Alikuwa anaongea huku anatabasamu kwa waliokuwa wanapita. "Na mimi mwenyewe nimezizoea. Nikiwa nazo siogopi. Nipe mtoto, mstari unasogea."

Mkwe hakumpa. Alimkabidhi mume wake mtoto, akamshika mama mkwe mkono wa kulia, akaanza kuvuta ncha ya kidole cha kwanza.

"Wanatuangalia," Bibi akasema.

"Najua."

"Mwanangu, usinifanyie hivi hapa."

"Niliyekuvalisha ni mimi, Mama."

Alivuta kidole kimoja kimoja. Jasho lilikuwa limeishikisha glavu na haikutaka kutoka. Wanawake wawili waliokuwa nyuma yao waliacha kuongea, mmoja akamvuta mtoto wake karibu. Glavu ilipochomoka, magamba yalitawanyika juu ya gauni jeusi, meupe, kila mtu akayaona. Bibi akanyanyua mkono ayapanguse. Mkwe akaushika ule mkono kabla haujafika, akaanza glavu ya pili. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

Fundi alikuwa amesimama mbali, karibu na lango ambalo alilitengeneza mwenyewe miaka iliyopita. Alipoona mkewe amekabidhiwa mtoto, mikono mitupu, na mstari unaingia ndani, alifuata nyuma, akakaa benchi la mwisho.

"Familia nzima isimame na mtoto," mchungaji akasema. "Babu yuko wapi?"

Vichwa vikageuka. Fundi akatembea hadi mbele, kofia mkononi, akasimama kando ya mkewe. Bibi hakumtazama. Alikuwa anamtazama mtoto, lakini pua yake ilitikisika.

"Umevuta," alisema chini chini.

"Nusu."

"Leo?"

"Nyuma ya karakana. Nilikuwa na hofu."

Mchungaji alikuwa ameanza kuomba. Fundi aliinamisha kichwa, akarudi nyuma hatua moja, ili moshi uliokuwa kwenye koti lake usimfikie mtoto, akawa amesimama peke yake mbele ya kanisa lote. Bibi alifumba macho. Kisha, bila kuyafumbua, alimhamishia mtoto kwenye mkono wa pili, upande wa mbali, na kwa ule uliobaki, wenye mistari, akamshika mumewe sehemu ya mkono wa koti akamrudisha mahali pake.

"Simama hapa," alinong'ona. "Ila pumulia kule."